Kufuli la Chumba cha Kwanza

Mzee alichukua tupa, akalikwangua kufuli kwenye pembe mara mbili. Chini ya uchafu wa miaka mingi ikatokea njano. Akarudia pale pale, kwa kina zaidi, maana makufuli mengi ya siku hizi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na mkwaruzo wa kwanza hudanganya. Njano ikabaki njano. Akalipima uzito kiganjani, kisha akanitazama.

"Hili ni la zamani," akasema. "Kwa nini unaliua?"

Nikamweleza. Mei 2000, mimi na mke wangu tulitoka kanisani tukaingia chumba cha kupanga nyuma ya soko la Karatu. Mlango ulikuwa na komeo lakini haukuwa na kufuli, kwa hiyo tulinunua kufuli kabla ya kununua kitanda. Miaka ikapita, tukahamia kwetu, nalo likaishia kwenye droo ya kabati pamoja na betri zilizokufa na risiti za saruji. Lilikuwa limefungwa na funguo zake zimepotea. Hakuna aliyelikumbuka, hakuna aliyelitupa.

Kanisani miaka 25 ya ndoa huitwa jubilei ya fedha. Nilikwenda kwa masonara wa Arusha, nikaonyeshwa mikufu iliyolazwa juu ya mahameli, nikarudi mikono mitupu. Sitasema bei haikunishtua. Lakini hata kama ningekuwa na hela, sikuona pale kitu ambacho mke wangu angekijua kuwa ni chake. Usiku ule nilikuwa natafuta tochi kwenye droo, mkono wangu ukagusa kufuli.

Mimi ni dereva wa watalii. Kwa miaka mingi nimewashusha wageni hadi Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi: alfajiri kwa Wahadzabe, saa nne mashamba ya vitunguu, kisha kwa wahunzi wa Kidatoga kwa dakika ishirini. Maelezo nayajua kwa moyo. Nasema wanayeyusha shaba ya koki za maji na makufuli mabovu, nasema wanafua vichwa vya mishale na kubadilishana na Wahadzabe kwa asali, kisha natazama saa. Bangili moja tangu mwanzo hadi mwisho sikuwahi kuiona ikitengenezwa. Kwa wageni mhunzi huanzia katikati, kama mapishi ya kwenye televisheni, ambako kitunguu huwa kimekwisha kukatwa.

Mei ni msimu mfu kwetu. Hoteli nyingi za Karatu zinabaki na walinzi na paka. Nikamwambia mke wangu naenda Mang'ola kununua vitunguu, jambo ambalo mtu yeyote wa Karatu anaweza kulisema bila kuulizwa swali la pili. Pale Njia Panda nikaacha lami ya kwenda lango la Ngorongoro, nikakata kushoto, nikapita Oldeani na mashamba yake ya kahawa, kisha nikashuka. Ukishuka huko unalivua koti bila kusimamisha gari. Hewa inakuwa nzito, udongo mwekundu unageuka kijivu, na mbele unaona weupe wa magadi ya Eyasi.

"Leo wageni wako wako wapi?" mzee aliniuliza nilipofika.

"Leo mgeni ni mimi, mzee."

Hiyo ilikuwa saa mbili asubuhi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kulivunja kufuli, na halikuvunjwa kwa nguvu. Alilifukia ndani ya makaa yaliyokuwa yanaanza kushika, akaliacha. Shaba ya makufuli na koki, alinieleza, ikiwa baridi inakataa nyundo, ila ukiipasha moto bila kuifikisha kwenye wekundu inakuwa kama mkate mkavu. Alilitoa kwa koleo, akaliweka juu ya fuawe, akaligonga mara tatu. Likapasuka. Ndani tuliona kile ambacho funguo zetu zilikuwa zinakisukuma miaka yote ile: vijiti vidogo na springi nyembamba kama nywele. Akaviokota kimoja kimoja kwa ncha ya koleo, akavitenga. Upinde wa chuma akautupa kwenye rundo jingine, la vitu vitakavyokuwa mishale. Chuma hakiruhusiwi kuingia kwenye chungu cha shaba, hata kikiwa kidogo kama punje ya ulezi.

Hiyo fuawe yake naomba niieleze, kwa sababu kwa miaka yote nimepita mbele yake bila kuiona. Ni kipande cha ekseli ya lori kilichozikwa wima ardhini, kikaacha juu uso mdogo kama kifuniko cha chupa ya chai. Uso huo umesuguliwa na nyundo mpaka unaakisi mawingu. Kingo zake si sawa. Upande mmoja umeachwa mkali, wa kukunjia, na mwingine umelainishwa, wa kunyooshea. Yeye huketi chini, mguu mmoja umenyooka, fuawe katikati, makaa mkono wa kushoto. Kila chombo kiko mahali ambapo mkono unafika bila jicho kufuata.

Mivukuto inaendeshwa na mjukuu wake, kijana wa miaka kama kumi na sita. Ni mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, kila mmoja una mdomo uliokazwa kwa vipande viwili vya mti. Akiinua mkono anapanua vidole, mdomo unafunguka, hewa inaingia. Akishusha anafumba vidole, mdomo unajifunga, na hewa inasukumwa kwenye bomba linaloingia motoni. Kulia kunapanda, kushoto kunashuka, na moto hauoni pengo kati ya pumzi na pumzi. Wageni hupenda kujaribu. Nami nilijaribu siku ile, kwa mara ya kwanza, na ndani ya dakika moja moto ulikuwa umelala na majivu yako kwenye kope zangu. Kijana alinipokea mifuko bila kucheka, jambo lililoniuma kuliko kama angecheka.

Vipande vya kufuli viliingia kwenye chungu cha udongo kikubwa kidogo kuliko kikombe cha kahawa. Chungu kikazikwa kwenye makaa, kikafunikwa kwa makaa mengine. Kisha tukangoja.

Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Nyekundu peke yake haiyeyuki mpaka nyuzi 1085. Zinki peke yake huchemka kwa nyuzi 907. Mchanganyiko wao unayeyuka mahali fulani katikati, na ukizidisha moto zinki inatoroka kama moshi mweupe, unabaki na kitu kisicho kile ulichotia. Mzee hana kipimajoto. Alikuwa anautazama ulimi wa moto juu ya chungu. Ulikuwa wa rangi ya chungwa, kisha ukaingia ukijani pembeni, na uzi wa kwanza wa moshi mweupe ulipojitokeza alisema neno moja kwa Kidatoga. Mikono ya mjukuu ikapunguza mwendo papo hapo, kama gari linaloshushwa gia.

Wakati wa kungoja aliniuliza kama bado nawateremsha wageni Kreta ya Ngorongoro. Nikamwambia ndiyo, hiyo ndiyo kazi. Kuta za mita 600, kilomita za mraba zipatazo 260, simba, faru mmoja mmoja: nikajikuta namtajia yeye, mzee wa Kidatoga, maelezo ya kitalii. Watu wake walikuwa wakichunga mle ndani kabla Wamaasai hawajawatoa katika karne ya 19. Hata jina la Wamang'ati, ambalo sisi majirani tumezoea kuwaita, limetoka kwa Wamaasai, na maana yake ni maadui. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Kisha akasema, "Nyasi za kule ni nzuri," akageukia chungu.

Hapo tukasikia gari.

Lilikuwa la mwenzangu mmoja, na wageni wanne, pengine wageni pekee waliokuwa Mang'ola siku ile. Mzee alitupa jicho barabarani, akatupa jicho kwenye chungu. Shaba ilikuwa tayari. Alikwangua takataka zilizoelea juu, akakinyanyua chungu kwa koleo refu, akamimina. Kalibu yake ni kipande cha chuma chenye mfereji uliochongwa, mfupi kama kalamu, unaopakwa mafuta ya ng'ombe ili shaba isigande nayo. Shaba ilishuka kama asali ya moto, ikajaza mfereji, ikapoteza mng'ao kabla sijavuta pumzi ya pili. Akaiweka pembeni, akawapokea wageni.

Nilikaa kwenye kivuli cha mgunga nikamsikiliza mwenzangu. Alisema maneno yangu yote, kwa mpangilio wangu, hata ule utani wa mtu aliyepoteza kufuli la sanduku lake hotelini. Mzee akachukua msumari mnene, akaupasha, akaufua, na kwa muda wa kuchemsha yai ukawa kichwa cha mshale chenye meno. Ustadi ule si wa kubezwa. Lakini sasa nilikuwa nimeona kile alichokiweka pembeni ili aufanye. Wageni wakapiga picha, wakanunua bangili tatu, wakaondoka.

Alirudi kwenye kipande chetu, akakigonga kwa nyundo ndogo. Kilitoa sauti kavu, fupi. Hakugonga tena. Alikigeuza juani akanionyesha ufa, mwembamba kama unyoya, umekatiza upana wote.

"Kalibu ilikuwa baridi," alisema. "Nilikimbilia gari."

Hakulaumu mtu, hakujitetea. Akakivunja kipande pale penye ufa, akavirudisha vipande chunguni, akachukua makaa mapya. Mjukuu aliketi tena nyuma ya mivukuto. Saa yangu ilionyesha saa sita na nusu, na sisi tulikuwa tumerudi pale tulipokuwa saa tatu.

Safari ya pili kalibu iliwekwa ukingoni mwa moto mapema, ikapata joto taratibu. Akaitemea mate: yakaruka. Akapaka mafuta: yakatoa moshi mwembamba. Alipomimina, shaba ilikaa mferejini ikiwa hai kwa muda mrefu zaidi, ikatulia, ikaweka ngozi laini juu yake. Hakuigusa mpaka ilipopoa yenyewe. Alipoigonga iliita kama kengele ya mbuzi, na mjukuu, ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi, akasema, "Hii imekubali."

Ufuaji ulianza. Kuna mtu atakayedhani kufua ni kupiga kwa nguvu. Nyundo yake ilikuwa inaanguka kwa uzito wake tu, mkono ukiwa na kazi ya kuiinua na kuielekeza. Anapiga, anageuza kipande robo mzunguko, anapiga, anageuza. Kila pigo linafunika nusu ya alama ya pigo lililotangulia, kwa hiyo uso hauwi na mabonde. Baada ya mapigo kama thelathini shaba inakuwa ngumu, na yeye anajua kwa sababu nyundo inaanza kumrudi mkononi. Inarudi motoni. Inatolewa kabla ya wekundu kuiva, inaachwa ipoe, inakuwa laini tena. Nilihesabu safari tisa za kwenda na kurudi motoni. Katika kila safari kijiti kilirefuka kwa upana wa ukucha.

Kilipofikia unene wa penseli aliniomba kipimo.

Nilitoa uzi wa katani, nilioukata kwenye gunia na kumzungushia mke wangu mkononi akiwa usingizini. Nilijivunia sana uzi ule. Mzee aliuchukua, akaunyoosha, akamkabidhi mkewe aliyekuwa ametoka na binti mmoja kuangalia. Mama yule alivaa bangili za shaba kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko, na alama za duara zimechanjwa kuzunguka macho. Aliutazama uzi kama daktari anavyotazama dawa iliyonunuliwa bila cheti.

"Umepima mfupa au nyama?"

Sikujua.

"Mkono wake ni kama wangu, au kama wa binti huyu?"

Nilitazama mikono miwili iliyonyooshwa mbele yangu. Miaka 25, na nilikuwa nasitasita. Nikasema kama wa binti, kisha nikasema hapana, kama wa mama. Alicheka akaniambia nifumbe macho nimshike binti yule mkono kama ninavyomshika mke wangu tukivuka barabara. Nikamshika. Akaukaza uzi mahali vidole vyangu vilipokutana, akatia fundo. Tofauti na kipimo changu ilikuwa karibu upana wa kidole.

"Bangili nzuri haibani wala haichezi," mzee alisema. "Anaisukuma, inabaki alipoiweka."

Nakshi hutiwa bangili ikiwa bado imenyooka. Nilimwomba mistari 25. Alifikiri kidogo, akakubali, kwa sharti kwamba mmoja ukae katikati na kumi na miwili kila upande. Sikuona rula wala chaki. Alichukua tindo ndogo iliyotengenezwa kwa msumari, akapata katikati kwa kukilaza kijiti juu ya kidole mpaka kikasimama sawa bila kuanguka. Hapo akagonga mstari wa kwanza. Kisha akagonga miwili ya mwisho, mmoja kila ncha. Kati ya katikati na ncha akagonga mmoja, akaugawa tena kila upande wa huo, na kwenye kila nafasi iliyobaki akaingiza miwili. Mstari mmoja, pigo moja. Tindo inasimamishwa, inainamishwa kidogo kuelekea kwake, nyundo inagusa, tindo inahama. Ukikosea hakuna kufuta, labda urudi chunguni. Nilipohesabu baadaye nilipata 25, na nafasi zake sikuweza kuzitofautisha kwa macho.

Kukunja kulichukua muda mfupi. Alikipasha mara ya mwisho, akakiacha kipoe, akakizungusha kwenye gogo la mti mgumu lililochongwa liwe jembamba kwa juu na pana kwa chini, akikisindikiza kwa nyundo ya mti ili nakshi isilale. Ncha mbili zikasogeleana bila kukutana, zikaacha mlango ambamo mkono huingia kwa ubavu. Akaivalisha kwenye uzi wenye fundo, akaichukua, akaibana kwa kiasi ambacho mimi sikukiona, akaivalisha tena.

Kisha kusugua, na hapa sina mengi: tupa kwenye kingo, mchanga uliolowana, majivu, kipande cha ngozi. Ilikuwa nyeusi, ikawa kahawia, ikawa njano. Kwa upande wa ndani palikuwa na kijishimo kidogo kama tundu la sindano, kilichoachwa na hewa wakati wa kumimina. Angeweza kukigonga kikafichika. Alinionyesha kwa ukucha, akasema hakitakua, akakiacha.

Shaba iliyosalia aliifunga kwenye gazeti akanirudishia. Sikuomba kupunguziwa bei. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja, na nilikuwa bado sijanunua vitunguu.

Tarehe yetu iliangukia siku ya kazi. Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, anakata vitunguu vile vile, macho yamejaa machozi. Nikampa bangili ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Aliifungua, akaipitisha kwa ubavu wa mkono, akapapasa nakshi kwa kidole gumba akihesabu kimyakimya. Nilimwambia imetoka kwenye lile kufuli.

"Kwa hiyo hatimaye umelifungua," akasema.

Akaisukuma juu kidogo, mbali na maji ya vitunguu, ikabaki hapo alipoiweka. Akachukua kisu.